Uzi wa manyoya kwenye vipande vya blanketi la msaada: unafaa au unatesa?

Haya jamani, karibuni. Meza leo imejaa, mnaona wenyewe. Huu mfuko wa nyuzi za madoido nimeupata duka la mitumba hapa Minnesota, dola nne tu, na sasa najua kwa nini mwenyewe aliutoa.

Vipande ninavyofuma kwa kroshia, yaani kwa sindano moja yenye ndoano, ni vya Warm Up America, mpango wa mablanketi ya msaada alioanzisha Evie Rosen kule Wisconsin mwaka 1991. Wewe unafuma kipande cha inchi 7 kwa 9, wengine wanaunganisha. Vipande 49, saba kwa saba, ndio blanketi la mtu mzima. Kwa hiyo kipimo hakina mzaha. Ukituma cha inchi 8, kuna mama mahali atakaa nacho mkononi anakusema.

Tuanze na huu wa manyoya. Sogea, kamera ione. Uzi wenyewe mwembamba kama wa cherehani, halafu zinaning'inia hizi kope ndefu. Ukiufuma peke yake, mishono huioni. Mimi nilianza na mishono 22, mstari wa sita nahesabu, 19! Kipande chenyewe hiki hapa: chini kipana, juu kimebanwa, kama sketi ya shule. Nikasema nifumue. Weee! Manyoya yameshikana, ukivuta kwa nguvu uzi unakatika.

Sasa tazama hiki. Nimeshika nyuzi mbili pamoja, ule wa manyoya na akriliki ya kawaida ya bluu. Macho bado hayaoni kitu, lakini kidole gumba kinaona. Unapapasa juu ya mstari, akriliki inajitokeza kama kamba, sindano inajua pa kuingia. Ila uzi ukiwa maradufu kipande kinatanuka. Nimetoka sindano ya milimita 5.5 nikaenda 6.5, na mishono nikaipunguza hadi 18. Hiyo ni kwa mkono wangu, wa kwako upime.

Lakini ninachokipenda zaidi ni hiki cha tatu. Mistari ya akriliki tupu, halafu mstari mmoja tu wa manyoya. Na hapa kuna siri: kwa mshono mfupi, ule wa msingi wa kroshia (single crochet), manyoya yanakimbilia upande wa nyuma, ule usioutazama unapofuma. Kwa hiyo uweke mstari wa manyoya wakati mgongo wa kipande unakuangalia. Katikati weka mistari mitatu au mitano ya kawaida, isiwe minne. Ukiweka minne, mstari mmoja utaota nywele mbele, wa pili nyuma.

Pembeni zungushia akriliki tupu, pande zote nne. Usinibishie hapa. Mtu wa kuunganisha anahitaji mshono anaouona.

Hizi nyingine haraka haraka. Huu wa kipilipili, wenye vifundo vifundo, mzuri, unakubali kuchanganywa, ila sindano inanasa kwenye vifundo. Wa kumetameta unawasha shingoni. Uwekeni kwenye mapambo ya Krismasi. Chenili, laini kama mahameli, nilipoifua kwenye mashine iliacha vumbi la nyuzi kila mahali, hadi kwenye soksi za baba watoto. Na huu wa ngazi, wenye matundu, kwa blanketi la mtoto hapana kabisa. Kidole kidogo kinaingia hivi, ona, halafu hakitoki.

Wa manyoya nimeufua mara tatu na kukausha kwa moto mdogo. Umetoka salama, umelala kidogo tu, nikaupukuta ukasimama. Pasi msiguse, hii ni poliesta, inayeyuka.

Nimebaki na madonge mawili ya uzi wa ngazi. Mwenye wazo aandike hapo chini, ila asiniambie skafu.