Duka la jumla Darajani: sukari ipo, mchele wa kuchagua

Asalam alaykum jamani, niliahidi ntaandika kuhusu lile duka la jumla nyuma ya soko la Darajani hapa Unguja, la yule mzee wa Kipemba. Nanunua pale mwaka wa nne sasa, nyota tano nampa bila kusita.

Kwanza sukari. Kila ikikaribia Ramadhani serikali inatangaza bei elekezi na ikitoka tu sukari inapotea, mnalijua hili. Msimu mmoja nilizunguka Mwanakwerekwe yote naambiwa hamna hamna na polo nnaziona kwa ndani zimefunikwa turubai. Mwenye duka kanunua ghali, akiuza kwa bei ya tangazo anakula hasara, sasa auze ya nini? Mi simlaumu yeye, namlaumu aliyepanga bei bila kuuliza mzigo umefika bandarini kwa shilingi ngapi. Nlipofika kwa mzee, sukari ipo mbele, wazi, kaniambia mwanangu mi nimenunua kwa hivi na faida yangu hii, ukiridhika chukua. Ilizidi kidogo ya tangazo lakini futari ya siku ile nyumbani uji ulikuwa na sukari, na bei ya tangazo nisingeipata popote.

Mchele ndo usiseme. Wa Mbeya, mapembe, basmati wa Pakistani, unaonja punje unachagua. Ile Julai 2023 India ilipozuia mchele mweupe usio basmati usitoke nchini kwao, hata mchele wa Thailand ukapanda bei, serikali ya mbali huko imefunga mlango na anaelipa ni mama ntilie wa Darajani. Mzee akaongeza wa Mbeya. Jirani yake wa pili akaona wateja wanahama akaleta na yeye, akashusha, mzee nae akashusha, na hakuna alietangaziwa kitu na mtu yeyote.

Mama yangu akiingia pale hukaa kimya kwanza anaangalia tu. Yeye wa miaka ya sabini, mchele wa mgao, foleni toka alfajiri, maana kuagiza chakula ilikuwa kazi ya serikali peke yake. Mpaka 1984 alipoingia Mzee Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais wa Zanzibar akaruhusu watu waagizie wenyewe, ndo maduka yakajaa tena. Jina la Mzee Ruksa halikuja bure wallahi.

Kinachoniuma ni karafuu. Mzee ana mikarafuu yake kwao Pemba, mimi mnunuzi wa kilo tano za mchele nina maduka kumi ya kuchagua, yeye na jasho lake lote la kuchuma na kuanika ana mnunuzi mmoja tu kwa sheria, ZSTC, lile shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Wanasema bei siku hizi nzuri, sawa, lakini atajuaje kama ni nzuri na hakuna wa pili wa kumpandishia? Waachieni wanunuzi wengine waingie, ZSTC nao wabaki washindane, kama bei yao kweli nzuri mkulima atawapelekea wenyewe.

Kasoro: duka joto sana, kichochoro chembamba, pa kuweka gari hamna, polo utabebewa kwa mkokoteni mpaka barabarani na unalipia mbali. Mizani yake ya haki, nimepima tena nyumbani mara mbili. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, na Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya sala.