Karata za taroti za Rider-Waite-Smith kwa magemu masta: zinafaa kweli

Kama wewe ndo gemu masta, yaani ndo unaeendesha hadithi wenzako wakicheza wahusika wao, nunua hii pakiti kabla hujaongeza dadu nyingine. Mimi sitabirii mtu maisha nayo, naitumia kutungia gemu za fantasia, na kwa kazi hiyo sijaona kinachoifikia.

Pakiti ina karata 78. 22 ni turufu, kina Mnara, Mwezi, Kifo na Mpumbavu, na 56 zilizobaki ni makundi manne, vikombe, sarafu, panga na fimbo, kila kundi ree mpaka kumi halafu mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme, kwahiyo aliyezoea kopa na shupaza hapati shida. Wanaoziogopa wajue taroti ilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo wa karata tu, kuzipigia ramli kulikuja kushika kasi Ufaransa karne ya 18. Ila kama kuna mchezaji imani yake haimruhusu basi usizitoe, muulize mapema, meza ni ya wote.

Sasa kwanini hii na sio nyingine. Ilitoka London mwaka 1909, Arthur Edward Waite akielekeza na Pamela Colman Smith akichora, na huyu mama ndo kila kitu hapa. Kwenye pakiti za mtindo wa zamani kama za Marseille ukivuta panga saba unaona panga saba, basi. Smith yeye kaweka watu na matukio mpaka kwenye karata ndogondogo. Panga saba yake ni jamaa ananyata anatoka kwenye mahema, kabeba panga tano mikononi, anageuka kuangalia nyuma, na mbili kaziacha zimesimama zimechomekwa ardhini. Fikiria wachezaji wako wameingia kambi ambayo hukuiandaa kabisa, unavuta hiyo, unaiweka katikati ya meza, na papo hapo maswali yanaanza, kaiba kwa nani, mbona kaacha mbili, kuna mtu wa ndani alimfungulia? Wewe unasikiliza tu na kuchagua jibu tamu kuliko yote, hadithi inajitunga.

Kingine, angalia vizuri Kifo na Mwezi, zote zina minara miwili kule nyuma, moja jua liko katikati yake na nyingine ni usiku. Zikitoka zote kwenye kampeni moja, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, mimi nazifanya sehemu ileile, mchana na usiku, na wachezaji wakija kugundua wenyewe aisee raha yake haielezeki!

Kwa wahusika wa pembeni navuta tatu: anachotaka, anachoficha, atakayemsaliti. Ikitoka kichwa chini, jambo limeharibika au bado linafichwa.

Na kuna hili ambalo dadu haina. Dadu ya pande 20 kila ukirusha ni moja kwa 20 palepale, haikumbuki kitu, lakini karata ikishatoka imetoka mpaka uchange upya. Usichange kati ya vikao! Rundo linapungua, Mnara, ile karata ya maangamizi, bado haujaonekana, kila mtu anajua umo humo ndani, yani mkono wa mtu unaovuta unaangaliwa na meza nzima.

Kwenye mapigano lakini hapana, zinachelewesha, huko acha dadu ifanye kazi yake. Karata zenyewe ni kubwa, mwenye vidole vifupi atahangaika kuzichanga na kona zinachakaa haraka. Kijitabu kinachoeleza maana ya kila karata nacho hakisaidii sana kwa sababu kinamuongelea mtu aliyekuja kutabiriwa, soma picha.

Kuna Tarokka pia, ya karata 54, ya Ravenloft, ulimwengu wa kutisha wa gemu ya Dungeons & Dragons, ambako toka 1983 karata ndo zinaamua silaha muhimu ziko wapi na adui mkuu atakutwa wapi. Ni nzuri sana, ila imeshonwa kwa ulimwengu ule, ukiwa na dunia yako mwenyewe itakubana.

Ukinunua chukua saizi ya kawaida, usichukue zile ndogo za mfukoni, maana vitu vya nyuma kama ile minara miwili havionekani kabisa kwa aliyekaa upande wa pili wa meza.