Raba na njumu za mtumba Tanga: soma soli kabla ya jina

Nanunua viatu vya michezo vya mtumba hapa Tanga kwa ajili ya mpira, kukimbia na netiboli. Tathmini yangu ni hii: njumu nyota 4 kati ya 5, raba za netiboli 3, raba za kukimbilia 2 tu. Kinacholeta tofauti hiyo ni soli.

Njumu nyingi zina herufi kwenye soli au lebo ya ulimi. FG ni za nyasi kavu, SG nyasi laini zenye tope, AG nyasi bandia, na TF ni zile zenye vijimeno vingi vifupi vya mpira. SG huwa na meno kama 6 marefu, mara nyingi ya chuma. Kwenye udongo wetu mkavu wa kiangazi hayazami, kwa hiyo uzito wote unabebwa na ncha chache: unyayo unauma na kifundo kinayumba. Ziache hata kama zinang'aa, labda uwe na kiwanja chenye nyasi zilizolowa masika. Kwa viwanja vya mtaani vyenye changarawe nachagua TF. FG nazo zinafaa, mradi meno yasiwe yameliwa upande mmoja.

Raba za kukimbilia ndizo zinazohitaji jicho kali. Kwa kawaida hudumu kilomita 500 hadi 800, na sponji ya katikati huchoka kabla soli ya chini haijaisha. Ya mtumba hujui imeshakimbia ngapi. Kuna baya zaidi: sponji ya poliuretani huozeshwa na unyevu hata kiatu kikikaa tu kabatini, na joto la pwani huharakisha. Kwa macho ni kipya, lakini ukianza kukimbilia barabara ya Raskazone soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikipasuka mistari midogo au isiporudi, achana nayo. Kiweke kiatu juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kisigino kikiinama, kimeshakunjwa na mwendo wa mwenzio. Kisha kikunje. Kinapaswa kupinda kwenye vidole; kikipinda katikati, kimelegea.

Raba hizohizo msiwape wachezaji wa netiboli. Zimeinuka, ni laini, zimetengenezwa kwenda mbele. Netiboli ni kusimama ghafla na kugeuka kwa mguu mmoja, na hapo kiatu chenye soli iliyoinuka hupinduka pamoja na kifundo. Tafuteni soli pana iliyo chini, kisigino kigumu, na mpira wa soli usioteleza kwenye saruji.

Namba nazo zinadanganya, kwani 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Amini sentimita zilizoandikwa kwenye lebo. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazochezea. Raba ya kukimbilia iache karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Njumu nusu ya hapo inatosha.

Ukishanunua, vuta ncha ya soli. Ikiachia hata kidogo, mpelekee fundi aibandike upya na kuishona kwa uzi wa nailoni kabla hujaivaa. Vikilowa maji ya bahari, suuza kwa maji baridi, jaza magazeti, anika kivulini. Jua kali hulegeza gundi.