Vipindi vya VVU kwa vijana kwenye redio za jamii: kipi kinasaidia, kipi kinapita tu

Kijana anayetaka habari za VVU bila kuulizwa maswali nyumbani bado anahudumiwa vizuri na redio ya jamii. Haili bando, na haimwachii chochote kwenye simu ambacho mtu mwingine atakikuta. Lakini ubora wa vipindi unatofautiana mno, na kipimo chetu ni kimoja: kipindi kikiisha, msikilizaji anajua aende wapi, na kabla ya saa ngapi?

Chukua swali linaloingia karibu kila wiki: kondomu ilipasuka jana usiku, nifanyeje? Kipindi dhaifu hujibu "muone mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo", kisha wimbo. Kipindi kizuri hueleza kwamba dawa za PEP, yaani za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, lazima zianze ndani ya saa 72 na kwamba kuwahi ni bora zaidi, zinamezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka, na kabla ya kuanza unapimwa, maana aliyekwisha kuwa na virusi anahitaji tiba kamili. Halafu hutaja kituo cha afya, saa za kufungua, na pa kukimbilia siku ya Jumapili. Dakika mbili za namna hiyo zinaushinda mhadhara wa nusu saa kuhusu kirefu cha UKIMWI, ambao bado unarudiwa mwaka hadi mwaka.

Kwenye upimaji ndipo watangazaji huteleza zaidi. Aliyejipima kwa mate wiki moja baada ya tendo akapata majibu hasi bado hajajua chochote kuhusu tendo lile. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na inaweza kufika miezi mitatu kabla hazijaonekana. Kikionyesha chanya, majibu hayo si ya mwisho hadi yathibitishwe kituoni. Mtangazaji anayesema "jipime ujue hali yako" akaishia hapo anamtuma kijana nyumbani na uhakika wa uongo.

Kuna pia jambo ambalo vipindi vingi vinaogopa kulitamka: anayemeza ARV (dawa za kufubaza VVU) ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Eti vijana watalegea. Miongoni mwa wasikilizaji wamo wanaoishi na VVU, na ukilificha hilo unawanyima sababu kubwa ya kuendelea na dawa.

Kwa muundo, tangazo la sekunde 30 linatosha kutaja tarehe na mahali pa kupima, basi. Mchezo wa redio una nguvu zaidi. Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulioanza 1993, ulichunguzwa kwa kulinganisha maeneo yaliyousikia na Dodoma, ambako haukurushwa kwa miaka 2 ya mwanzo. Walioufuatilia walieleza kwamba walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori, hakuhubiriwa na mtu: msikilizaji alishuhudia matendo yake yakimrudia, wiki baada ya wiki. Muziki wa kutisha na sauti za vilio havifikii hapo. Vinamfanya kijana aogope kupima.

Uhai wa kipindi uko kwenye simu za wasikilizaji, na hapo pia ndipo kinapoharibika. Mpigaji asipozima redio yake, sauti inajirudia na hakuna kinachosikika. Fundi amwambie kabla hajaingia hewani. Mpigaji akitaja jina la jirani "aliyeathirika", madhara hayafutiki kwa kuomba radhi, hivyo studio bila kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache isipokee simu za moja kwa moja kwenye mada hii. Irekodi, ihariri, ndipo irushe. Wasichana hupiga simu mara chache, kwa kuwa simu mara nyingi si yao na kuta zina masikio. Namba ya ujumbe mfupi, unaosomwa bila jina wala mtaa, huwapa nafasi ya kuuliza. Muuguzi anayezoea vijana awe studioni, na majibu yenye tarakimu ayahakiki yeye kabla ya kipindi.

Kasoro nzito kuliko zote hutokea nje ya studio. Kipindi kinahamasisha, vijana wanafika kituoni, vipimo vimekwisha au mapokezi wanauliza kwa sauti kubwa, "Umefuata nini?" Hawarudi, na wanawaambia wenzao. Kituo cha afya kijulishwe wiki mbili kabla, kiseme kina vipimo na dawa kiasi gani na nani atawapokea vijana. Kisipokuwa tayari, ahirisha matangazo.

Redio yenye fedha kidogo ianze na nusu saa moja kwa wiki, jioni watu wakiwa wametoka shule na kazini, irudiwe Jumamosi: robo saa ya mchezo, robo saa ya maswali yaliyotumwa, na jina la kituo cha afya litajwe mara tatu.