TAHADHARI: Anayeuza safari ya uvuvi ya wikendi Homer na mto Kenai kwa Kiswahili ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Anchorage, Wasilla, na ninyi mnaopanga kuja Alaska kutembea, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu senti moja. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akiuza safari ya wikendi ya kwenda kuvua. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi wetu. Boti hana, nyumba ya kulala wageni hana, na leseni za uvuvi anazotuma ni za kughushi. Sisi watu sita katuliza dola 1,340.

Tangazo lilitufikia mwishoni mwa Machi. Jumamosi kuvua halibuti, yule samaki bapa wa jamii ya gayogayo, baharini Homer, mji wa bandari hapa Alaska. Usiku kulala kwenye kijumba cha mbao chenye jiko, dirishani unaona barafu ya mlimani ng'ambo ya ghuba. Jumapili, njiani kurudi, samoni mfalme, aina kubwa kuliko samoni wote, mto Kenai, "uhakika asilimia mia". Chini kaweka picha ya boti nyeupe, na picha ya yule samoni wa rekodi aliyevuliwa mto Kenai mwaka 1985, wa kilo 44. Ukimwona samaki yule, akili inakimbilia kwenye sufuria.

Nilimpigia. Akanipokea vizuri, akauliza za nyumbani, akauliza nyumbani wapi. Nikamwambia Tanga. "Basi sisi majirani, dada yangu, mimi mtu wa Mombasa." Akasema yuko Homer miaka kumi na moja kwenye kazi ya uvuvi. Tukaongea uvuvi wa kwetu pwani: mishipi, madema, kolekole, bamvua. Baba yangu alikuwa mvuvi, na tangu nifike nchi hii miezi minane iliyopita sijamsikia mtu akiyataja maneno hayo. Nilikata simu nikiwa na furaha kweli. Nawaeleza hili makusudi, kwa sababu hapo ndipo alipotupata. Hakutumia ujanja wa kompyuta, alitumia lugha ya nyumbani, na sisi watu wa mbali tuna njaa nayo.

Bei yake ilikuwa dola 150 za kutanguliza kwa kila mtu, na 40 za leseni. Tulikuwa mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka tisa, shemeji yangu, na majirani zetu Wakongomani, mtu na mkewe. Jumla 1,140, kwa programu ya benki ya kutumiana pesa. Ijumaa usiku, saa chache kabla ya kuondoka, akapiga tena: sheria imebadilika wiki hii, boti inatakiwa bima ya abiria, dola 200. Tukatuma. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, chakula kimeshapikwa. Anajua ni saa ngapi ya kupiga.

Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, wikendi ya pili ya Aprili. Kutoka Anchorage hadi Homer ni kilomita 355 hivi, na mwezi huo barabara ina mawimbi, maana lami inainuliwa na barafu ya chini kisha inabonyea. Mkono wa bahari wa Turnagain ulikuwa umekupwa, tope la kijivu mpaka mbali. Wenye watoto, msiwaruhusu kushuka kulikanyaga. Linanasa mtu na maji hujaa kwa kasi. Juu kwenye njia inayopita kati ya milima theluji bado ilikuwa imesimama pande zote mbili kama kuta. Ziwa Tern tukakata kulia, tukaingia barabara ya Sterling.

Cooper Landing tukasimama kunyoosha miguu. Maji ya mto Kenai yalikuwa machache, maangavu, unahesabu mawe chini. Mzee mmoja alikuwa amesimama majini peke yake akivua trauti. Mume wangu akamuuliza kama samoni mfalme wameshaanza kupanda. Yule mzee aliacha kuzungusha kamba, akatugeukia. "Samoni? Aprili?" Akasema samoni wekundu wanaanza kuonekana Juni, wengi hasa ni Julai, na uvuvi wa wale wafalme wa Kenai umefungwa. Nilihisi tumbo linakaza. Lakini pesa ilikuwa imeshakwenda, na ndani ya gari mtoto ameshika fimbo yake ya kuvulia mapajani tangu nyumbani. Tukaendelea.

Homer ina ulimi wa ardhi unaoingia baharini kama kilomita saba, unaitwa Spit, na bandari ya boti iko huko. Maduka mengi bado yalikuwa yamefungwa kwa msimu, na upepo ule unapita nguo zote. Tapeli alitupa herufi ya gati na namba ya sehemu ya boti. Herufi tuliiona. Namba haipo, gati linaisha kabla ya kuifikia. Simu yake imezimwa. Tulisimama pale saa nzima, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Ofisi ya bandari kulikuwa na mama mmoja mtu mzima. Nikampa simu aione picha ya boti. Akaikuza kwa vidole viwili, akanionyesha ubavuni: jina la boti limekatwa, zimebaki herufi mbili za mwisho. Mwenye boti anayetafuta wateja hawezi kukata jina la boti yake mwenyewe. Picha ile nilikuwa nayo wiki mbili, nimewatumia watu wengine kuwaonyesha, na kukatwa kule sikukuona.

Kijumba cha mbao kweli kipo. Kinakaliwa na mzee na mkewe, ni nyumba yao. Yule bibi alitufungulia mlango akatutazama kwa huruma, akasema sisi ni gari la tatu tangu Machi. Gari la tatu! Ndiyo maana naandika, maana wale wa magari mawili ya mwanzo walinyamaza, pengine kwa aibu. Siwalaumu. Aibu ile naijua sasa. Lakini kama mngesema, mwanangu asingelia njia nzima kurudi.

Tulikula pondu (kisamvu) na wali wa jirani yetu ndani ya gari, tumeelekea ghuba, kimya. Kisha tukatafuta chumba cha bei nafuu tukalala.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo na zile karatasi za leseni, na hapa naomba msikilize vizuri, maana ilibaki kidogo tupoteze zaidi ya pesa. Karatasi zote sita ziliandikwa sisi ni wakaazi wa Alaska. Mkaazi kwa sheria yao ni mtu aliyeishi hapa miezi 12 mfululizo na ana nia ya kubaki. Sisi tuna minane. Afisa akaniambia kama tungekutwa tunavua na karatasi zile, kosa lingekuwa letu sisi. Kwa mtu ambaye faili lake la uhamiaji bado linasubiri, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Leseni halali inauzwa na idara yenyewe, kwenye tovuti yao au kwenye maduka yenye vifaa vya uvuvi. Mgeni, yaani asiye mkaazi, analipa dola 15 kwa siku moja. Mkaazi analipa 20 kwa mwaka mzima, na ukitaka samoni mfalme unaongeza stempu yake. Mtoto chini ya miaka 16 hahitaji leseni kabisa. Mwanangu alitozwa 40.

Na ule uongo wa samoni, mjue umejengwa juu ya ukweli nusu, ndiyo maana unaingia. Samoni mfalme kweli wanavuliwa Homer wakati wa baridi na mwanzo wa machipuo, lakini baharini, ndani ya ghuba ya Kachemak, wakiwa bado wanakula. Mtoni ni habari nyingine. Uvuvi wa samoni mfalme mto Kenai ulifungwa misimu yote miwili, 2024 na 2025, kwa sababu wamepungua mno. Halibuti naye, mwanzo wa machipuo wengi wao bado wako kwenye kina kirefu. Wanasogea karibu kuanzia Mei. Kwa hiyo mtu akikuahidi samoni mfalme wa mto Kenai mwezi wa Aprili, huna haja ya kuuliza swali la pili.

Nahodha halali anayebeba abiria wa kulipa ana leseni ya Walinzi wa Pwani, na boti inayopeleka wateja kuvua halibuti lazima iwe na kibali cha serikali kuu. Mwombe akuonyeshe. Uliza jina kamili la boti, kisha wewe mwenyewe piga simu ofisi ya bandari kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa yeye. Simu ya dakika mbili. Lipa kwa kadi, kwani kwa kadi unaweza kudai. Kwa njia tuliyotumia sisi, benki ilinijibu kwamba nimetuma kwa hiari yangu, hakuna cha kurudishwa.

Nimeripoti polisi na kitengo cha kulinda wateja cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kama wewe ni wa gari la kwanza au la pili, tafadhali jitokeze. Malalamiko matatu si sawa na moja. Kama huwezi kuandika Kiingereza, nitakaa na wewe tuandike pamoja, jioni yoyote.

Namba aliyotumia kwetu imeshakufa. Lakini juzi shemeji ameona tangazo jingine kwenye grupu la watu wa Minnesota, kwa jina jingine, safari ya wikendi Seward mwanzo wa Mei. Boti ni ileile nyeupe, na jina limekatwa palepale. Ukiliona, usimjibu wala usimtukane akakimbia. Piga picha ya skrini ionyeshe namba yake, unitumie, niipeleke polisi leo hiihii.