200-4R badala ya TH350: propela haikatwi, kebo ndiyo mtihani

Mwenye Chevelle au Nova, magari ya zamani ya Chevrolet, yenye TH350, giaboksi ya otomatiki ya gia tatu ya GM, akitaka gia ya nne, kwanza huwaza 700R4, nayo ya GM. Giaboksi hiyo ina urefu wa inchi 30 na robo tatu, na TH350 ya mkia mfupi ni 27 na 11/16, kwa hiyo propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, lazima ikatwe inchi tatu. Kukata si kazi, kazi ni kuibalansi. 200-4R, otomatiki nyingine ya gia nne ya GM iliyoanza kutoka 1981, ina urefu uleule wa TH350 na yoki ileile ya meno 27. Nyingi pia zina matundu ya kukamata injini za Chevrolet na za Buick, Oldsmobile na Pontiac.

Kinachohama ni krosimemba, ule mhimili wa chasisi unaobeba giaboksi. Maunti ya 200-4R iko nyuma zaidi kwa inchi sita na nusu hivi, karibu pale pale pa TH400, otomatiki nzito zaidi ya GM. Chunguza chasisi kabla ya kumwita welda, maana huenda matundu ya TH400 yapo tayari, yamezibwa na kutu na matope tu.

Boliti zinawachosha mafundi wetu. Zinazoshika injini ni 3/8, kichwa chake 9/16: spana ya 14 haiingii, ya 15 inalamba pembe. Lakini boliti za toki konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa mafuta) ya 200-4R ni za milimita 10, wakati za TH350 zilikuwa 3/8. Tundu la fleksipleti, sahani ya nyuma ya injini inayofungwa konveta, likibana, lipanue kidogo kwa tupa. Usilazimishe boliti ya zamani. Kabla ya kufunga, sukuma konveta huku ukiizungusha mpaka ikae kabisa ndani ya pampu. Giaboksi ikishabana na injini, konveta ibaki huru, na kati yake na fleksipleti kuwe na nafasi ya milimita 2 hadi 4. Isipokuwepo, ukikaza boliti unavunja pampu.

Sasa kebo ya TV (throttle valve), inayounganisha throto na giaboksi. Si kebo ya kikidauni kama ya TH350, ya kushusha gia tu ukikanyaga mafuta. Hii ndiyo inayoamua presha ya mafuta ndani. Ikilegea, presha inashuka, klachi zinateleza, na safari ya Nyali kwenda na kurudi yatosha kuziunguza. Kabureta ya Holley au Edelbrock inahitaji breketi ya kurekebisha pembe ya mvuto. Kuiseti: injini imezimwa, bonyeza kitufe cha kufuli, rudisha kitelezi nyuma mpaka mwisho, achia kitufe, kisha fungua throto yote kwa mkono. Kitajiseti chenyewe kwa mlio wa tiktik. Halafu weka geji ya presha. Asiyekuwa na geji asiwashe gari.

Paipu ya vakyumu iliyokwenda kwenye moduleta ya TH350, kifaa kinachoiambia giaboksi mzigo wa injini, izibwe. Ikiachwa wazi, injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na lawama zote anabebeshwa kabureta.

Kwa joto la Mombasa, kula (kipoza mafuta ya giaboksi) ya ndani ya redieta haitoshi. Funga kula ya nje, tena yenye feni yake, kwa sababu kwenye foleni ya feri Likoni hakuna upepo wa kuipoza. Waya wa lokapu, kufuli inayozuia konveta kuteleza, upitie swichi ya breki. Bila lokapu gari litakwenda, ila konveta itateleza na kuchemsha mafuta njia nzima.

Faida inaonekana barabara ya Voi. Difu ya 3.73 na tairi la kipenyo cha inchi 26, kwa kilomita 100 kwa saa injini inashuka kutoka mizunguko 3,000 hivi hadi 2,000. Gia ya kwanza nayo ni 2.74 badala ya 2.52, kwa hiyo linaondoka kwa wepesi zaidi.

Kwa small block, V8 ndogo ya Chevrolet, isiyochokonolewa sana tunaipendekeza. Kwa 454, V8 yake kubwa, giaboksi ya kiwandani usiifunge kabla ya kubadilisha rota ya pampu, ile ya vani (mapezi) 7 kwa ya vani 10 iliyokomazwa, na klachi zake. Muuzaji akikwambia “imetoka kwenye gari linalotembea”, fungua sampu kwanza: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua, rudisha.