Kadi za mpira wa kikapu: upange kwa seti au kwa mchezaji?

Chukua seti ya kampuni ya Fleer ya msimu wa 1986-87: kadi 132 za wachezaji, zimefuata alfabeti ya majina ya ukoo. Kareem Abdul-Jabbar ni namba 1, Michael Jordan 57. Ukiziingiza kwenye jedwali lako kwa seti, pengo linajionyesha lenyewe: baada ya 56 inakuja 58, basi unajua cha kutafuta. Ila weka safu ya aina (kadi au stika), maana stika 11 za msimu uleule zina namba zake, na huko Jordan ni 8.

Kupanga kwa mchezaji kunamfaa anayemfuata nyota mmoja tu. Tabu ni majina. Olajuwon, kwenye kadi namba 82, ameandikwa Akeem. Ile H ya “Hakeem” aliiongeza 1991. Abdul-Jabbar naye, kwenye kadi ya kampuni ya Topps ya 1969-70, bado ni Lew Alcindor, jina lake la zamani. Utatafuta “Kareem” mpaka uchoke, na kadi iko mezani pako.

Mimi naanza na seti na namba, halafu naongeza safu mbili: jina lililochapwa, na jina moja la kudumu. Kuchuja kwa mchezaji ni kubofya tu. Namba ambayo hukuiandika itakufungulisha maboksi upya.